Futi Kamba

Walinichagua sipo.
Nilikuwa nimetoka nje kupokea simu ya mteja wa Kayenze
aliyetaka gauni lake kabla ya Jumapili.
Niliporudi, mikono ilikwishanyooshwa ikashushwa,
na Magese, kwa sauti ya mtu anayegawa zamu za kuchota maji,
akasema: mjumbe mpya wa kamati, fundi, keti.
Nikaketi. Posho hakuna. Soda moja, ya moto.

Hiyo ilikuwa Februari.
Machi kengele ikanyamaza.
Ile ringi ya lori tunayoigonga kwa nondo
ikabaki inaning'inia, mjusi akiota jua juu yake
siku mia na kidogo.

Mwezi wa tano ziwa likapanda.
Lilikuja Igombe bila kelele, kama mdai mstaarabu:
leo kwenye mchanga wa kuanikia dagaa,
kesho kwenye mpapai wa mwalimu mkuu,
kesho kutwa ndani ya choo cha wavulana.
Na bomba la shule, kavu.
Tulisimama wajumbe sita, viatu mkononi,
maji yametufika vifundoni,
tukijadili tutapata wapi maji ya kunawa.
Ng'washi alicheka hadi akashika ukuta.

Ng'washi Lubango, mweka hazina,
aliyehesabu noti kwa kulamba kidole.
Mwaka ule tukamkataza. Akasahau. Tukamkataza tena.
Ndoo kumi na mbili zilizowahi kubeba rangi,
koki tulizozikaza kwa mpira wa baiskeli,
sabuni ya mche tuliyoikata kwa uzi:
daftari lake lina yote,
mpaka shilingi mia mbili ya huo uzi.

Barakoa nilishona mimi, kwa mabaki ya dukani,
kitenge cha harusi iliyoahirishwa,
shuka, bitana ya koti la marehemu baba.
Mia tatu na arobaini.
Usiku, kwa tochi ya simu,
mume wangu akauliza kamati inanilipa nini.
Lawama, nikamjibu, na bado haijalipa zote.

Juni wakasema watoto warudi, wakae mbalimbali.
Nikaleta futi kamba yangu, ile ya kupimia viuno.
Darasa la tatu, watoto tisini na wanne.
Nikapima dawati hadi dawati, ukuta hadi ukuta,
nikapima tena nikianzia mlangoni,
labda chumba, kama wateja wangu, kilikuwa kimebana tumbo.
Walienea kumi na saba.
Magese akakuna kidevu: "Andika wameenea."
Tukaandika mita. Watoto hatukuwaandika.

Kikao cha Julai Ng'washi hakuja.
Mwalimu mkuu aliitwa wilayani, kalamu nikashika mimi.
Fomu ina sehemu mbili:
wasiohudhuria kwa udhuru,
wasiohudhuria bila udhuru.
Nikamweka ya pili, tena kwa hasira,
maana funguo za stoo alikuwa nazo yeye
na ndoo zote zilikuwa humo.

Siku ya nne tukasikia: changamoto ya upumuaji.
Ndivyo tulivyosema mwaka ule, kwa maneno marefu,
tukipita mbali na lile fupi.
Tulimzika tukiwa wachache, kila mtu peke yake na kivuli chake.
Hapo, kwa mara ya kwanza, mita ilienea.

Binti yake Nyanzobe akaleta funguo
ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na daftari
na elfu moja na mia mbili.
"Amesema ni za kamati," akasema.
Alisema "amesema", si "alisema".

Agosti. Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.
Magese, bila kuinua macho: "Kuna marekebisho?"
Nikanyoosha mkono.
Jina la mwisho, nikasema. Toeni "bila udhuru".
"Tuandike nini, fundi?"
Nje walikuwa wanagonga ringi, watoto wakitoka wote kwa mlango mmoja.
Hakuna aliyejua.
Tukaacha pengo, upana wa vidole viwili,
tukaingia ajenda ya tatu:
choo cha wavulana.