Upande wa Nyuma

Wiki nzima tulibishana juu ya dohani.
Bwana Entwistle alisema stesheni ilikuwa nazo tatu,
picha ilisema mbili,
nami, niliyefika Accrington na sanduku moja
miaka arobaini baada ya jengo kuvunjwa,
nilishika wembe nikingoja hukumu.

"Tatu," akasema. "Mpiga picha alisimama vibaya."

Basi tatu.
Nikazikata kwenye boksi la uji wa shayiri,
moja kwa sabini na sita,
kila tofali mkwaruzo wa penseli,
na mkono wake ulipoanza kutetemeka
akanisogezea rula bila kunitazama,
kama dereva ampaye mwenzake usukani gizani.

Kwake nilijifunza kwamba usafi ni uongo.
Nilipaka paa rangi ya kijivu, likang'aa, nikajisifu;
akacheka hadi akakohoa.
"Hapa palichomwa makaa, binti. Makaa!"
Akasaga chaki nyeusi kwa kisu cha siagi,
akaipuliza juu ya kazi yangu ya siku mbili,
na masizi yakashukia penye haki yake:
chini ya mifereji, juu ya vizingiti,
mazito zaidi upande ule treni zilikopumulia.
Kisha kwa ncha ya sindano aking'oa vigae, kimoja, viwili.
"Upepo wa mwaka sitini na mbili," akanung'unika,
kama atajaye jina la mtu anayemdai.

Majani ya chai tuliyoyakausha yakawa udongo.
Nilikwenda zamu ya usiku na gundi vidoleni;
msimamizi akaniuliza kama naumwa ngozi.

Ukuta wa nyuma wa stesheni sikuujenga.
"Treni hupita mbele," alisema. "Nyuma nani ataona?"

Februari mpwa wake akamhamishia Blackburn,
nyumba ya wazee, chumba cha kitanda na kiti,
kisichoweza kumeza meza ya futi kumi na mbili.
"Chukua wewe," akaniambia kwenye simu.
"Ila stesheni usiiinue kwa paa."

Nikaanza na ghala la mizigo.
Nikaligeuza. Hakuna tofali, hakuna rangi,
kadibodi tupu, nusu ya picha ya bakuli,
na penseli, herufi ndogo kama sisimizi:
*Doreen kasema paa limepinda. Kweli limepinda.*

Nikaketi chini.

Nyuma ya kibanda cha ishara:
*Jumanne. Mvua. Doreen kaacha kula.*
Nyuma ya banda la makaa, hakuna siku wala tarehe:
*Leo sijasema neno na mtu.*
Nyuma ya choo cha wanaume, kidogo kuliko kiberiti,
hesabu tu za kimo na upana, zimekatwa, zimerudiwa,
zimekatwa tena.

Stesheni niliiacha ya mwisho.
Niliibeba kwa msingi, kwa mikono miwili,
kama bakuli lililojaa mchuzi hadi ukingoni,
na pale dirishani, kwenye mwanga hafifu wa saa tisa,
nikasoma mgongo wake:
*Nimekosea. Dohani zilikuwa mbili.
Lakini msichana keshaikata ya tatu,
na kaikata vizuri.
Ibaki.*

Sasa mji mzima umelala kati ya kitanda changu na hita.
Nikitaka soksi, napita chini ya daraja kwa magoti.
Pengo lililokuwa karibu na kivuko nimelijaza:
duka la mikate, madirisha manne,
mlango wa kijani uliopauka kwa kusuguliwa na msasa,
masizi kiasi chake, vigae viwili havipo.

Jana gundi ilipokauka nililigeuza,
nikachonga penseli, nikaandika kwa Kiswahili,
maana nyuma nani ataona:

*Ijumaa. Theluji kidogo, haikushika.
Nimempigia Bwana Entwistle.
Nimemwuliza stesheni ilikuwa na dohani ngapi.
Kanyamaza kidogo.
Tatu, kasema.*