Pishi ya Angani

Saa saba unusu, kivuli changu kimejikunyata miguuni,
chombo hupita juu ya Wete. Sikioni.
Nipo darini, juu ya skuli, na kitambaa cha pamba,
nafuta kioo cha kipimajua
kinacholikodolea jua tangu asubuhi bila ya kupepesa.

Kile cha juu huichota hewa yetu kwa mraba mmoja:
Mtambwe, mikoko, nusu ya bandari,
moshi wa majiko, karafuu mbichi mikekani,
vyote hivyo vikapewa tarakimu moja.
Mimi huku chini nina uzi tu wa mwangaza,
kutoka juani hadi kwenye tundu la sindano.

Leo cha juu kimesema nne.
Changu, sita.

Jana Mama, Bi Raya, akichambua makonyo,
aliniuliza kazi hii ndiyo kazi gani.
Nikamkumbusha pishi yetu ya bati,
mwaka ule mikarafuu ilipozaa hadi matawi yakavunjika,
alivyonituma nayo kituoni
nisimame ubavuni mwa karani Mbarouk,
alichokwisha kukipima yeye nikipime tena mimi.
Karani alinuna. Watu wakacheka.
Pishi yake ilikuwa imetuna kitako.
Hakuwa mwizi; bati lilichoka.
Na yetu, tulipoigeuza juani,
ilikuwa imebonyea kwa ndani.

"Kumbe na hewa ina pishi?"
"Ina, Mama. Na hiyo ya angani
imefuliwa na watu wasioijua Wete."

Nne na sita.
Labda wingu la vuli limekifichia kile cha juu
moshi uliolala chini.
Labda meli iliyokuwa ikipasha injini gatini
imetapika naitrojeni yake upande wangu tu,
na mraba mzima, wenye bahari ndani yake,
haukuwa na habari.

"Basi n'nani kakosa?"
Hakungoja jibu. Akapeta ungo,
makonyo huku, karafuu kule,
na chache zikaangukia pasipo pao.

Naandika zote mbili daftarini.
Naandika wingu, naandika meli na upepo ulikotoka.
Halafu pembeni, kwa kalamu ya risasi,
herufi ndogo, kwa haya:
*Kunguru kanyea kioo.
Kimefutwa saa saba na dakika thelathini na mbili.*