Dakika Moja ya Ukimya

Kijiji kinaitwa Vumilia. Jina sikulitunga mimi.
Niliingia Machi, tope limeshika magurudumu,
kamera mgongoni, kinasa sauti kifuani kama mtoto wa kubebwa,
na Kalunde Mihayo akanipokea kwa swali kabla ya karibu:
"Wewe ni wa kuja, au wa kuja na kuondoka?"
Sikuwa na jibu. Niliomba maji.

Kalunde alichambua tumbaku miaka kumi na tisa.
Siku hizi anachambua majina.
Ana daftari, jalada limekula moshi,
humo ameandika kila mtoto aliyekosa shule msimu wa kuchuma:
tarehe, shamba, na neno moja pembeni,
katapika. kazirai. kajificha. katapika.
Jioni anapita bani kwa bani
akiwasomea wazazi majina ya watoto wao wenyewe
kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni.
Wengine humpa kiti.
Mmoja alimfungulia mbwa.

Nikamwambia simama pale, jua linazama vizuri.
Akacheka. "Jua linazama hapa tangu enzi za babu,
halijampeleka shule hata mtoto mmoja.
Piga hii." Akakunjua viganja:
utomvu mweusi umejaa kwenye mistari,
mpiga ramli asingepata pa kuanzia.
Nikapiga.
Nikamwuliza, kwa ile sauti yangu ya kazini,
anawajibu nini wanaomwambia avumilie.
"Vumilia ni jina la kijiji," akasema. "Si sheria."
Nikajua palepale: hiyo ndiyo sentensi ya kwenye tangazo.
Nikaona aibu kidogo,
kisha nikaangalia kama betri inatosha.

Siku ya mwisho, ndani ya bani la Kapela,
niliomba kitu ambacho watu hukiona wazimu:
kila mtu anyamaze dakika moja,
ninase ukimya wa mahali,
wa kuzibia nyufa zinazoachwa na mkasi.
Wakanyamaza. Wachumaji saba, Kalunde, mimi.
Moto ulipumua tunduni. Majani yalikauka yakinong'ona.
Sekunde ya arobaini, nyuma ya ukuta,
mtoto akakohoa.
Kikohozi kidogo, kama cha kuomba radhi.
Hakuna aliyegeuka.
Nikasema asanteni, tukafungasha.

Isevya, Tabora mjini, chumba cha kupanga:
nilikikata kikohozi kile mara tatu,
na mara tatu umeme ukakatika kabla sijahifadhi.
Mara ya nne nikakiacha. Sisemi ni ujasiri.
Nilikuwa nimechoka.

Julai tulitundika shuka ghalani, kwa chama cha msingi,
kati ya marobota. Mwenyekiti alikuja na kiti chake.
Watu hawakutazama filamu, walijitazama:
"Mbuzi wa Nkwabi yule!" "Kumbe natembea hivyo!"
Vicheko vikaifunika ile sentensi ya tangazo,
hakuna aliyeisikia.
Kisha ukaja ukimya, dakika nzima, sikuupunguza.
Moto. Majani. Benchi moja ikalia.
Sekunde ya arobaini

mwanamke akainuka nyuma, karibu na mzani.
"Huyo ni Mbula," akasema. "Huyo ni wangu."

Hakuna picha ya Mbula popote ndani ya filamu.
Nilikuwa nimepiga viganja, mabani, mvua kwenye bati,
nimepiga hata mbwa.
Yeye nilimpata kwa bahati, nikitafuta kitu kisicho na mtu.

Mwenyekiti akaomba taa iwashwe. Hakuna aliyeiwasha.
Kwenye mwanga wa shuka nilimwona Kalunde
ameshafungua daftari,
analamba kidole, anatafuta ukurasa.

Nimerudi mara mbili tangu siku ile,
mara ya pili bila kamera, mikono haijui pa kukaa.
Swali lake la Machi hajalirudia, nami sijalijibu.
Safari ijayo ameniagiza mzigo,
nikadhani atataka nakala ya filamu.
"Daftari," akasema. "Kubwa. Kwaya nne.
Hili limejaa."