Kwa Zambrelli, Namba Kumi na Nne

Zambrelli, hunijui.
Nilikuokota Tangamano kwa shilingi mia nane,
chini ya sweta la mtoto wa nchi ya baridi.
Muuzaji akasema: ya Italia hii, shika kitambaa.
Nikashika.
Herufi mbili zilikuwa zimebanduka mgongoni,
Makorora nzima ikaniita Zembere,
na Hatibu Semkiwa akabaki kwenye cheti cha kuzaliwa
na mdomoni mwa mama.

Nilidhani wewe ni mkubwa.
Misimu minne nilitembea na jina lako kifua mbele,
hadi fundi Akida wa barabara ya kumi na mbili
alipoigeuza jezi ndani nje, miwani puani:
kumi na nne imeshonwa juu ya tisa,
na chini ya tisa kuna kovu la gundi
la namba isiyosomeka tena.
"Huyu bwana," akasema, akikata uzi kwa meno,
"alikuwa mpangaji, si mwenye nyumba."

Toka siku hiyo nikaacha kujisifu
nikaanza kukupenda.

Mimi nami.
Miezi tisa Mkonge Stars, mishahara mitatu.
Urambo walinilipa magunia mawili ya mahindi
na ahadi moja, ambayo haikukobolewa.
Masasi nilikwenda kwa mkopo;
aliyenikopesha akasahau kunidai.
Kiwira, mvua na bronkaitisi.
Sumbawanga, goti.
Miaka kumi na moja, mabao matatu,
ukihesabu na lile nililojifunga.

Masasi huko, dakika ya sabini na kitu,
nilitunga ubeti, sikuwahi kumpa mtu:

    Benchi nimekuzoea, kuliko kitanda changu,
    Mbao zimeniotea, nyuma ya mapaja yangu,
    Wenzangu wanatokea, mimi nafuga machungu,
    Dakika zikipotea, ndipo huitwa mwenzangu.

Je, kwenu benchi lina mto?
Mkilala hotelini, mnalala wawili wawili,
mmoja akikoroma, mwingine akihesabu mkataba
umebakiza wiki ngapi?
Mkeo alichoka kufunga vyombo kwa magazeti?
Wangu alichoka Urambo. Simlaumu.
Sufuria zilikuwa zake.

Mkwakwani nilicheza mara moja tu,
na nilikuja kama mgeni.
Basi la timu likapita Chumbageni, karibu kabisa na kwetu,
nikaona kanga ya mama kwenye kamba
nikanyamaza, wasije wakanicheka.
Uwanja mzima ulituzomea.
Yeye alikaa upande wa jua, tiketi kaikunja ndani ya leso,
hajui ashangilie nani.
Kila niliporusha mpira wa pembeni
nilisikia makofi ya mtu mmoja.
Tulifungwa mbili. Usiku akanipakulia samaki
akauliza jambo moja tu:
"Mbona wanakupa mpira ukiwa umeshatoka nje?"

Zambrelli, siku hizi nahesabu malori ya chokaa Amboni.
Naandika namba, dereva anasaini, vumbi linatufanya wazee
saa mbili asubuhi; jioni tukioga ujana unarudi kidogo.
Hakuna anayenizomea.
Wakati mwingine ningependa.

Jezi yako ninayo bado. Buluu imekuwa kama maji ya kufulia.
Siivai. Siifanyi kitambaa cha kufutia baiskeli,
ingawa shemeji ameshaitamani.

Yangu ya mwisho, ya Sumbawanga, niliidai hawakunipa.
Mtunza vifaa alisema ni mali ya klabu,
na klabu ikafa mwaka uliofuata, na mali ikatawanyika.
Nguo husafiri, nani ajuaye zinakokwenda.
Ikikufikia huko,
kijani, namba tatu, bila jina kwa sababu uchapaji ulikuwa ghali,
usiangalie mgongo.
Tazama kwapa la kushoto. Lilichanika kama lako.
Nilishona mwenyewe, usiku, kwa uzi wa katani
niliotoka nao nyumbani.
Kila kitu kingine kitachakaa.
Hapo patakukwaruza.