Funguo Tatu za Shaba

Haridwari asubuhi. Mto Ganga unashuka na baridi ya milimani,
nami nimembeba baba ndani ya chungu
kilichofungwa kitambaa chekundu.
Baba hakujaliwa mwana wa kiume. Alijaliwa mimi.

Kuhani Tikaram ananitazama, kisha anatazama nyuma yangu
kama anayemngoja mwanamume aliyechelewa.
Kijiji? Ukoo? Babu wa babu?
Nasema Ratnasar. Namtaja Gumanram, mkopesha kwa riba.
Anapanda ngazi ya mbao, anashusha daftari
refu kama mkono wa mtu mzima, limekunjwa, lanuka panya na manjano.

Kwetu kisa husimuliwa hivi, na mwenye kisa ni shangazi Bhuri:
mwaka wa hamsini na sita, mwaka wa njaa ile,
watu walipotwanga magome ya mti wa khejri wakayaita unga,
Jhamku, dadake Gumanram, mjane wa miaka kumi na tisa,
aliteleza usiku kwenye kisima cha ngazi,
akazama na funguo za ghala kiunoni.
Kulipokucha ghala li wazi, uwele haupo,
na kijiji kizima, kwa mara ya kwanza tangu mvua ya mwisho,
kinacheua.
"Wezi," akasema Gumanram.
"Maji," wakasema wanawake. "Maji yamemchukua."
Tangu hapo, kila Diwali,
taa moja ya samli huwekwa kwenye ngazi ya saba.

Nimeiweka taa ile mwenyewe, nina miaka sita,
nikihofu mkono utatoka chini unidake kifundo.
Nikakua. Nikasomea hesabu.
Miaka ishirini nimefundisha hesabu Jaipur
na sikuwahi kujumlisha hili:
mwaka ule mvua haikunyesha.
Ngamia walilamba mawe ya kisima.
Mtu huzamaje vumbini?

Tikaram analowesha kidole, anafunua.
Wanaume wamezaa wanaume, ukurasa baada ya ukurasa,
kana kwamba matumbo yalikuwa yao.
Mara kidole kinasita.
Mwaka wa sitini na tatu. Wino umegeuka rangi ya chai.
Anasoma taratibu, kama anayechambua mchele:

*Jhamku wa Ratnasar, binti Harjiram,
amekuja kwa miguu yake.
Ameleta majivu ya mume, mchunga ngamia.
Mtoto wa kike mgongoni.
Sadaka: funguo tatu za shaba.
Hana kingine.*

Chini yake, alama ya kidole gumba.
Naweka changu juu yake. Chake kilikuwa kidogo.

Watoto wa shule huambiwa liandikwalo ndilo liwalo.
Ukoo wetu uliandika kwa midomo, miaka mia na ushei,
na yeye akajibu mara moja tu, kwa gumba.

"Sasa," anasema Tikaram, kalamu hewani,
"aliyeleta majivu ya Hukamchand niandike nani?
Mpwa? Mkwe?"
"Andika Kesar."
"Kesar mke wa nani?"
"Andika: amekuja kwa miguu yake."
Anacheka kidogo, pengine kwa aibu. Anaandika.

Jioni nampigia simu shangazi Bhuri, namsomea yote.
Kimya. Nasikia chapati ikigeuzwa,
nasikia akimfukuza paka.
"Mama alijua," anasema. "Na mamake pia."
"Na mkatuambia alizama?"
"Tuliwaambia wanaume. Nyinyi watoto mlikuwa karibu tu."
"Na taa je?"
"Ulidhani tunamwashia maiti?
Ngazi ya saba ndipo alipovua viatu,
akavipanga vizuri, vidole vikielekea kisimani,
ili kaka zake waje wasimame pale watazame chini
huku yeye, pekupeku, anakwenda zake.
Basi kila mwaka tunawawekea taa, mwanangu.
Wazidi kutazama chini."