Kibanio cha Sikio

Ghala ni jina la mtaa, nami nalinda ghala la Ghala:
marumaru, masinki, vyoo vyeupe vya maziwa
vimelala kwenye maboksi, havijajua haja ya mtu.
Kibandani kiyoyozi kinakohoa.
Nje, saa saba za usiku, joto la Maskati
bado limesimama mlangoni kama mdai.

Sajeev wa foklifti ndiye aliyenifunza,
kwa Kiarabu chetu cha nusunusu na vidole:
Karata zako mbili, asizione hata malaika wa begani.
Ukigaiwa mara kumi, mara nane tupa.
Tupa, Shaame! Saba na mbili, tupa.
Mzungu wa pili na tatu, tupa,
hata zikiwa kopa zote mbili, hata zikikukonyeza.
Mjinga huingia kila mara kwa kuogopa kupitwa.
Ukiweza, sema mwisho:
aliyetangulia kusema keshafungua mfuko.
Na pesa uliyoisukuma kati umeshaizika.
Usiifuate kaburini.

Mie karata nazijua, yakhe. Wete tulicheza
wahedi wa sitini juu ya jamvi la marehemu babu,
karata zimelainika kwa jasho na mafuta ya samaki,
saba ya shupaza ilipotea, tukaichora kwa kalamu
kwenye kipande cha boksi la sigara.
Kila mtu aliijua kwa mgongo. Tulicheza hivyohivyo.
Hela haikuwekwa. Aliyefungwa
alibanwa sikio kwa kibanio cha nguo,
akatumwa dukani nacho, kununua sukari,
na mtaa mzima ukamsalimia.

Simu haina mgongo wa karata.
Sheria ya hapa haitaki, dini haitaki,
na ile programu ya kujificha inaapa kwamba mie,
Shaame Faki wa Wete, usiku huu niko Malta.

Siku tatu nikatupa. Nikatupa mpaka kidole kikachoka.
Nikapata riyali kumi na moja na baisa mia nne,
nikajiona bingwa wa kutupa.

Siku ya nne wakaja: wazungu wa nne, wawili,
mmoja uru, mmoja pau, ndevu zimechanwa.
Nikaongeza. Wakakimbia wote ila mmoja,
mtu asiye na uso, picha yake ni paka.
Zikafunuliwa mezani tatu: tisa, nne, na ree.
Yule paka, kimya tangu isha, akapiga kelele ya riyali thelathini.

Nilijua. Naapa nilijua.
Sauti ya Sajeev ilikuwa sikioni: ree ikishuka
na mnyamavu akipayuka, wafalme wako ni picha tu.
Kitufe cha kutupa kilikuwa pale, chekundu,
kikubwa kuliko kidole changu.
Nikafuata. Nikafuata tena.
Ree na nane, alikuwa nazo.
Riyali tisini. Bati ishirini za nyumba ya mama.

Simu ikatetemeka: Usikate tamaa, rafiki!
Tumekuwekea zawadi ya riyali tano.

Alfajiri mama akapiga. Bati zimeshuka bei, mwanangu,
lakini mwisho Ijumaa.
Mshahara umechelewa, mama.
Mbona sauti hiyo?
Kiyoyozi.
Akanyamaza, kama mtu anayehesabu.
Alikuwa nazo karata, nilihisi, nzuri kuliko zangu.
Kisha akasema: haya.
Akazitupa.

Jua likapanda nyuma ya matangi ya maji.
Nikachukua kile kibanio cha chuma
kwenye daftari la magari yaingiayo na yatokayo,
nikajibana sikio la kushoto.
Kinauma kuliko cha nguo.
Nikafungua geti. Sajeev akaingia na chai mbili za maziwa,
akanitazama, akatazama simu juu ya kiti.
Hakuuliza kitu.
Akanipa yangu, akakaa,
na mie sikukitoa mpaka chai ikesha.