Shuka Jeupe

Miaka kumi na minane nimekula kwa shuka jeupe:
kijiduka cha Mwembe Tayari, futi nane kwa tisa,
kigoda, taa mbili, kioo kilichopasuka pembeni.
"Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke."
Usicheke! Mtu katoka Butembo juu ya lori la mbao,
kavuka mipaka mitatu, kafika kwangu na shati la kuazima,
nami namkataza kucheka
kwa kuwa serikali haipendi meno.
Picha nne, shilingi mia mbili.
Nikawakata kwa mkasi,
mabega yao yakabaki sakafuni.

Jumamosi moja stima ikapotea mtaa mzima.
Nikachukua kamera ya marehemu ami, ile ya filamu,
nikafunga duka, nikashika njia ya Bondeni
kuwatafuta watu wangu wale wale
pamoja na vilivyo nyuma yao.

Ya kwanza: Hansaben, roshani, anaanika papadi juu ya gazeti.
Mkono mmoja unamfukuza kunguru,
wa pili unanifukuza mimi.
Imetoka vizuri.

Ya nne: Dilmurad Mbulushi, cherehani mbele yake imepasuliwa tumbo,
skrubu tatu mdomoni, na bado anasema:
"Babu wa babu yangu aliletwa kulinda ngome.
Mimi nalinda sindano."

Ya tano hadi ya tisa ni paka.
Nisiulizwe.

Ya kumi na moja: Nibizi, Mrundi wa karanga,
kwenye kizingiti cha Bawaziri wa halwa, wanagombea chenji.
Kiswahili cha huyu kimepitia Kigoma,
cha yule kimeshuka na babu yake kutoka Shihiri,
na matusi yamekutana hapa, yakaamkuana.

Ya kumi na nne, watoto,
mpira wao wa soksi umeingia chini ya meza ya viazi karai.
"Hii ni ya paspoti?"
La.
"Basi twaweza kucheka?"
Chekeni.
Wakajipanga ukutani, wakanyooka kama misumari,
videvu juu, masikio nje.
Wote saba niliwahi kuwakalisha kwenye kile kigoda.

Kisha Ubah, wa maziwa ya ngamia.
Nikainua kamera, akainua kiganja.
"Weye nakujua. Weye ndiwe wa shuka jeupe.
Uso wangu uko Nairobi. Uko Geneva.
Uko ndani ya faili la mtu nisiyemjua
na huenda anaweka kikombe chake juu yangu.
Nimebakiwa na huu wa kuuzia maziwa.
Niachie."

Nikaiteremsha.
Akanimiminia bilauri, nikanywa nimesimama;
maziwa yana moshi ndani yake,
kama kwamba mahali fulani moto haujazimwa.
Pesa akakataa.

Kwa hiyo ya ishirini na tatu haipo.
Naweza kukwambia mwanga ulivyoangukia dumu la manjano,
na pete, na hina iliyofifia kwenye...
Hapana.
Hata kwa maneno nisimpige.

Jumatatu stima ikarudi.
Akaingia kijana, Kasereka, fundi nguo,
bahasha kwapani, kola imefungwa hadi kooni.
Akakaa bila kuambiwa.
"Kidevu juu," nikasema.
"Masikio yaonekane."
Akangoja amri ya tatu. Aliijua.
Nikanyamaza.
Nje Nibizi anamtukana mtu mpya
kwa tusi refu lenye vituo,
na pembe ya mdomo wa Kasereka ikaanza kupanda
polepole, kama mtu anayechungulia kama ameruhusiwa.
Nikabonyeza.

Hiyo wataikataa, najua.
Nikampiga nyingine, ya kwao, imefunga mdomo.
Ile ya kwanza
sikumtoza.